Kutoorodheshwa si Usalama: Historia ya Mosi na Uhifadhi Wake katika Mwambao wa Rumonge na Gatete, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mosi, yaani mimea midogo isiyotoa maua wala mbegu, zilivyoachwa nje ya historia ya uhifadhi katika mwambao wa Rumonge, kusini-magharibi mwa Burundi. Kwa kufuatilia safari za kisayansi katika Ziwa Tanganyika, machapisho ya mimea ya enzi ya ukoloni, sheria za hifadhi tangu 1980 na mabadiliko ya matumizi ya ardhi, makala yanaonyesha kwamba uadimu wa mosi katika mwambao huu umetokana na mambo mawili ambayo huchanganywa: uadimu wa mmea wenyewe na uadimu wa watu waliokwenda kuutafuta. Aidha, makala yanajadili mkanganyiko wa istilahi za Kiswahili unaozifanya mosi zionekane kuwa aina ya kuvu au mwani. Hoja kuu ni kwamba spishi ambayo haijatathminiwa haipaswi kuhesabiwa kuwa salama, na kwamba tathmini inayostahili haiwezi kufanyika bila wakulima wanaoishi kando ya mabaki ya misitu.

1.0 Utangulizi

Mwambao wa Rumonge ni ukanda mwembamba wa tambarare ya Imbo, uliobanwa kati ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban meta 770 juu ya usawa wa bahari, na milima inayopanda kwa ghafla kuelekea Bururi. Katika ukanda huo umo mji wa Rumonge wenye bandari na soko la samaki na mawese, na ndani ya eneo hilohilo liko Gatete, ambako michikichi ndiyo mandhari ya kila siku. Kati ya michikichi na milima yamebaki mapande ya misitu ya asili: Kigwena karibu na ziwa, msitu wa miombo wa Rumonge kwenye miteremko, Vyanda juu yake, na hatimaye msitu wa milimani wa Bururi.

Mapande hayo yamejulikana kwa watafiti na washauri wa sera kwa sababu ya sokwe, ndege na miti mikubwa. Makala haya yanageuza macho chini: kwenye magome, mawe ya vijito na kingo za chemchemi, ambako mosi huota. Mosi hazina mizizi ya kweli wala mishipa mikubwa ya kupitishia maji kama ile ya miti. Hunywa maji kwa uso wa majani yake, hukauka jua linapozidi, na nyingi hurudi kuwa kijani mvua inapoanza. Kwa sababu hiyo hazina akiba ya kuzisitiri: mti ukikatwa, kivuli kikaondoka na hewa ikakauka, mosi iliyozoea kivuli hufa kabla hata kisiki hakijaoza. Mmea wa namna hii ni shahidi wa mapema wa kuharibika kwa msitu. Swali la makala ni hili: kwa nini shahidi huyo hajawahi kuitwa barazani?

2.0 Suala la jina

Sehemu ya jibu imo katika lugha. Kiswahili kina msamiati tajiri wa miti, nyasi na samaki, lakini kwa mimea inayotambaa juu ya mawe na magome kimekuwa kikitumia maneno machache kwa vitu vingi. Neno kuvu hutaja uoto unaoharibu chakula na nguo. Ukungu ni umande wa hewani na pia doa la uchakavu ukutani. Mwani ni mmea wa majini, na kwa watu wa pwani ya bahari ni zao la biashara. Kutokana na mawili kati ya maneno hayo limeundwa neno kuvumwani, ambalo katika baadhi ya maandishi limebebeshwa pia maana ya mosi.

Kibiolojia, neno kuvumwani ni zuri mno kwa kiumbe kingine. Kuna viumbe ambatani ambamo kuvu na mwani huishi pamoja kama mwili mmoja, vile vinavyoonekana kama mabaka ya kijivu au manjano kwenye majabali. Kwa viumbe hivyo jina hilo linaeleza ukweli wenyewe. Mosi si kuvu na si mwani: ni mmea kamili wenye shina dogo, majani na chembeuzazi. Ndiyo maana makala haya yanaliacha neno kuvumwani kwa viumbe ambatani hao na kutumia umbo la mkopo mosi, katika ngeli ya I-ZI. Inafahamika kuwa umbo hilo linafanana na mosi ya hesabu. Hata hivyo muktadha unayatenga maneno hayo mawili, kama unavyotenga kaa la moto na kaa wa baharini.

Suala hili halihusu wanaleksikografia pekee. Mkulima anapoambiwa kwa Kiswahili kwamba kuvu wa kwenye jiwe la chemchemi wanafaa kulindwa, ana haki ya kushangaa, kwa kuwa kuvu ndiyo iliyomwozea mahindi. Jina linalobeba maana ya uharibifu haliwezi kuitetea hoja ya uhifadhi. Katika mwambao wa Rumonge, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya uvuvi na ya jamii za Kiislamu tangu enzi ya misafara ya Ujiji, jambo hili lina uzito kuliko katika maeneo ya ndani ambako Kirundi hutosheleza mawasiliano yote.

3.0 Ziwa lilitazamwa, milima ikapitwa: 1858–1962

Sehemu ya pili ya jibu imo katika historia ya sayansi yenyewe. Burton na Speke walifika Ujiji mnamo Februari 1858, na baadaye mwaka huo wakapanda kwa mitumbwi kuelekea kaskazini hadi Uvira. Speke aliokota makombe ya ziwani, na mwaka 1859 makombe hayo yalielezwa kisayansi mjini London. Tangu hapo Ziwa Tanganyika likawa kitendawili cha wanazuolojia. Moore aliongoza safari za uchunguzi katika miaka ya 1890 akitafuta kueleza kwa nini konokono wa ziwa hili wanafanana na wa baharini. Wabelgiji walimtuma Stappers kati ya 1911 na 1913, na mwaka 1946–1947 wakafanya safari kubwa ya uchunguzi wa maji na viumbe wa ziwa zima. Matokeo yake ni kwamba leo samaki wa ziwa hili, ambao wengi wao hawapatikani kwingine kokote duniani, wana majina, picha na madaraja ya hifadhi.

Kwa wasafiri hao, milima ya Rumonge ilikuwa pazia la nyuma. Waliiona kutoka majini, wakaichora, wakaendelea na safari. Hata wale waliokusudia kuishi nchi kavu hawakudumu: wamisionari wa Kikatoliki, Mapadri Weupe, waliofika Rumonge mwaka 1879, walipoteza wenzao watatu waliouawa Mei 1881, na kituo kikavunjika. Katika miaka hiyo mwambao ulitikiswa pia na mashambulizi ya Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji. Hapakuwa na kituo cha kudumu ambacho mtu angeweza kukaa misimu miwili akikusanya mimea, na mosi hazikusanywi vizuri na mpita njia.

Utawala wa Kibelgiji uliofuata ule wa Kijerumani ulileta taasisi za kudumu, lakini ulileta pia mpaka mpya wa maarifa. Mwaka 1940 Fernand Demaret alichapisha nchini Ubelgiji orodha ya mosi za Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ingawa kichwa chake kilifunga nchi tatu katika kapu moja. Kisha, kuanzia 1948, ukaanza kutolewa mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya maeneo hayohayo. Mfululizo huo ulitangaza katika jina lake kwamba unahusu mimea yenye mbegu. Uamuzi huo ulieleweka: serikali ilitaka kujua mbao, nafaka, dawa na malisho. Hata hivyo vitabu vya namna hiyo ndivyo vinavyowekwa mezani mwa maofisa, na kilichokosekana ndani yake kilikosekana pia katika mipango iliyofuata.

4.0 Bujumbura na Brussels: kumbukumbu zilizotawanyika

Baada ya uhuru wa 1962, Chuo Kikuu cha Bujumbura kilikuwa kitovu kipya cha ukusanyaji. Mwaka 1972 Jean Lewalle alichapisha uchambuzi wa ngazi za uoto wa magharibi mwa Burundi, kuanzia tambarare ya ziwa hadi vilele vya Kongo-Nile. Kazi hiyo ndiyo iliyowafundisha wengi kuuona mwambao kama ngazi: msitu wa nyanda za chini, kisha miombo, kisha msitu wa milimani. Mnamo 1980 Marie Reekmans alichapisha utafiti kuhusu uoto wa tambarare ya Rusizi ya chini. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 Jean-Louis De Sloover wa Ubelgiji alikuwa akitoa mfululizo wa makala kuhusu mosi za Afrika ya Kati, akifufua kazi iliyoanzwa na Demaret.

Mambo mawili yanajitokeza katika historia hiyo. Kwanza, wataalamu wa mosi duniani kote huvutwa na milima, na wana sababu: katika tropiki, wingi na aina za mosi huongezeka kadiri ukungu unavyokuwa wa kudumu. Kwa hiyo Kibira na Bururi ziliwavutia kuliko Kigwena. Nyanda za chini, zenye spishi chache zaidi, zilionekana kuwa na haraka ndogo. Kumbe nyanda hizo ndizo zilizokuwa zikilimwa kwa kasi.

Pili, vielelezo vilivyokusanywa vilisafiri. Bustani ya mimea ya Meise, karibu na Brussels, ni miongoni mwa hazina kubwa duniani za mimea ya Afrika ya Kati. Kielelezo cha mosi ni bahasha ndogo ya karatasi yenye mmea uliokauka, jina la mahali, kimo na tarehe. Bahasha hiyo ni waraka wa kihistoria kama ilivyo barua ya mtawala. Inasema kwamba mahali fulani, mwaka fulani, palikuwa na kivuli na unyevu wa kutosha kwa spishi fulani. Mtafiti wa Rumonge anayetaka kulinganisha jana na leo hulazimika kuanzia kwenye makabati yaliyo maelfu ya kilomita kutoka kwenye kijito chenyewe.

5.0 Michikichi, ukimbizi na mipaka ya hifadhi

Mwaka uleule ambao Lewalle alichapisha kazi yake, mwambao ulipatwa na msiba. Mapigano yaliyoanza Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili 1972, na mauaji makubwa yaliyofuata nchini kote, yaliwafukuza watu wengi kuvuka kwenda Kigoma na baadaye katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania. Mashamba yao yaligawiwa watu wengine, na sehemu nyingine zikaingizwa katika miradi ya michikichi ya serikali. Waliporejea, hasa baada ya makubaliano ya Arusha ya 2000, wengi walikuta viwanja vyao vina wenyewe. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine iliundwa mwaka 2006 kushughulikia migogoro hiyo, na Rumonge ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoipa kazi ngumu kuliko yote.

Katikati ya hayo ndipo hifadhi zilipoanzishwa. Amri ya Rais Na. 1/6 ya tarehe 3 Machi 1980 iliweka msingi wa mbuga za taifa na hifadhi za asili nchini Burundi. Usimamizi ulikuwa chini ya taasisi iliyojulikana kama INECN, na tangu 2014 uko chini ya Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, OBPE. Sheria Na. 1/10 ya tarehe 30 Mei 2011 ilirekebisha namna maeneo hayo yanavyoundwa na kuendeshwa. Kwa mtazamo wa kisheria, hizo ni hatua za kupongezwa. Kwa mtazamo wa mkulima aliyerudi kutoka Mishamo na kukosa shamba, mpaka wa hifadhi ni uzio mwingine uliowekwa wakati yeye hayupo. Historia ya uhifadhi wa Rumonge isiyotaja ukimbizi ni nusu historia, na sera inayojengwa juu ya nusu hiyo itakataliwa na watu walioachwa nje yake.

Mchikichi wenyewe unastahili kuangaliwa kwa haki. Shina lake hubaki na vikonyo vya makuti ya zamani, na humo hukusanyika vumbi, maji na mboji. Kangaga huota hapo, na mosi pia. Octoblepharum albidum, mosi yenye rangi ya kijani-nyeupe inayopatikana katika tropiki zote, imechunguzwa sana nchini Nigeria kwa sababu ya mazoea yake ya kuota kwenye mashina ya michikichi. Kwa hiyo shamba la michikichi si jangwa la mosi. Tofauti ni kwamba linapokea spishi zinazovumilia jua na ukavu, ambazo ni za kawaida kila mahali. Zile zinazotegemea gome la mti mkongwe wa msituni au jiwe lenye unyevu wa mwaka mzima hazihamii shambani. Mtu akitazama kijani kwenye mashina ya Gatete anaweza kudhani hakuna kilichopotea.

6.0 Daraja la hifadhi: maana ya kutokuwemo

Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) hupanga spishi katika madaraja kulingana na hatari ya kutoweka. Mwaka 2000 ilitolewa orodha ya kwanza ya dunia ya mosi na jamaa zake walio hatarini, sambamba na mpango kazi wa uhifadhi uliohaririwa na Hallingbäck na Hodgetts. Orodha hiyo ilikuwa na spishi zisizofikia 100, ilhali kundi zima lina spishi takriban 20,000. Miongoni mwa zilizotajwa zilikuwemo mosi za misitu ya milimani ya Tanzania, kama vile Neorutenbergia usagarae, ambayo jina lake limebeba jina la Usagara, na Renauldia lycopodioides. Zote mbili zilihesabiwa kuwa zinatishiwa na kupotea kwa makazi yake.

Kwa nini Tanzania ilisikika? Si kwa sababu misitu ya Burundi ni salama zaidi. Tamás Pócs, mtaalamu wa Hungaria, alifanya kazi Morogoro na kupanda Uluguru mara kwa mara, na spishi zilizoorodheshwa hufuata nyayo za waliotafuta. Ulinganisho na Ulaya unatilia nguvu hoja hiyo. Tathmini ya Ulaya iliyotolewa mwaka 2019 ilipima spishi zipatazo 1,800, na zaidi ya moja katika kila tano ilionekana kuwa hatarini. Bara lenye wataalamu wengi ndilo lenye orodha ndefu ya hatari. Afrika ya kitropiki, ambako orodha ya jumla ya mosi ilikusanywa na Brian O'Shea na kutolewa upya mwaka 2006, ina majina mengi na tathmini chache.

Hapa ndipo washauri wa sera hukosea kusoma jedwali. Kuna tofauti kati ya spishi iliyopimwa ikaonekana haina wasiwasi, iliyopimwa ikakosa takwimu za kutosha, na ambayo haijapimwa kabisa. Katika ripoti nyingi za miradi, makundi haya matatu huangukia safu moja: haimo katika orodha ya hatari. Safu hiyo ikisomwa kama kibali, barabara au shamba hupita juu ya spishi ambayo hakuna aliyeiuliza hali yake.

Mfano wa karibu ni wa chura. Cardioglossa cyaneospila alikuwa ameonekana mara ya mwisho mwaka 1949. Kwa zaidi ya miaka sitini hapakuwa na taarifa yake, hata ikahofiwa kuwa ametoweka. Desemba 2011 watafiti David Blackburn na Eli Greenbaum walimpata akiwa hai katika msitu wa Bururi, juu ya mwambao huu huu. Chura huyo hakurudi kutoka kokote: alikuwepo wakati wote, na walioadimika ni watafutaji. Mfano huu una upande wa pili usiopaswa kusahaulika. Alipatikana kwa kuwa msitu wa Bururi ulikuwa bado umesimama. Angetafutwa katika bonde ambalo lilishakuwa shamba, jibu lingekuwa kimya, na kimya hicho kisingeweza kufasiriwa tena.

7.0 Maji, hoja inayowafikia wote

Thamani ya mosi si ya wakusanyaji pekee. Mwaka 1980 Pócs alichapisha vipimo vya Uluguru vilivyoonyesha kuwa katika msitu mfupi wa mosi ulio juu ya meta 2,000, mosi na mimea mingine inayoota juu ya miti ilifikia takriban tani 14 za uzito mkavu kwa hektari, na iliweza kuzuia hadi lita 50,000 za maji kwa hektari katika mvua moja. Hiyo ni sawa na milimita tano za mvua zinazoshikwa hewani, kisha kuachiliwa polepole. Katika msitu wa chini zaidi mlimani humo, uzito huo ulikuwa takriban tani mbili tu.

Takwimu hizo haziwezi kuhamishwa moja kwa moja hadi Rumonge. Miombo ina kiangazi kirefu na moto, na Kigwena iko karibu na usawa wa ziwa. Lakini mtiririko wa hoja unabaki: maji ya mwambao yanaanzia milimani, na msitu wenye nguo ya kijani huyatoa kwa utaratibu kuliko mteremko ulio uchi. Mteremko ulio uchi huleta mafuriko na tope bondeni, na tope huishia ziwani, kwenye mawe ambamo samaki maarufu wa Tanganyika huzaliana. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi nne zinazolizunguka, unautambua udongo unaosombwa kuwa tishio. Kwa hiyo milima iliyokuwa pazia la nyuma kwa wasafiri wa karne ya 19 imo tayari katika wajibu wa kisheria wa leo.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba mosi za mwambao wa Rumonge zimepitwa mara tatu: na sayansi iliyolitazama ziwa, na vitabu vilivyochagua mimea yenye mbegu, na lugha iliyoziita kuvu. Kila kupitwa kulikuwa na sababu yake, na hakuna kulikokusudiwa. Kwa pamoja vimezalisha ukimya ambao sasa unasomwa kama usalama.

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, ripoti za athari za mazingira zitenganishe waziwazi spishi zisizotathminiwa na zile zilizopimwa zikaonekana salama. Pili, taarifa za bahasha za mosi za Burundi zilizoko Meise zipatikane Bujumbura kwa njia ya kidijitali, ili mahali palipokusanywa zamani patembelewe tena. Tatu, upimaji uanzie kwenye chemchemi na vijito vinavyotumiwa na wananchi, kwa kuwashirikisha wakulima wa Gatete na Kigwena, wakiwemo waliorejea. Kulinda kingo za chemchemi hakumnyang'anyi mtu shamba, na faida yake huonekana kwenye ndoo ya maji. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya nchi wanachama, isanifishe istilahi za mimea isiyotoa maua, ikizitenga mosi, kuvumwani na kuvu.

Pendekezo la mwisho huenda likaonekana dogo mbele ya ardhi na maji. Hata hivyo, daftari la mgambo wa msitu lina safu ya jina kabla ya safu ya idadi. Safu ya kwanza ikibaki tupu, ya pili haijazwi, na msitu hupungua bila daftari kuonyesha kilichoondoka.